Tafuta mwenye habari kwanza: mwongozo kamili wa kukwepa tovuti taka kwenye Google

Kila msimu wa matokeo, na kila zinapotangazwa nafasi za kazi, malalamiko ni yale yale: "Nimetafuta Google, nimefungua tovuti moja baada ya nyengine, zote zinasema bonyeza hapa, na nikibonyeza nazungushwa tu." Wengine wameshajaza namba ya kitambulisho. Wengine wameshalipa.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Unguja au Pemba mwenye simu ya kawaida na bando la kubana. Ufuate kwa mpangilio wake. Wanaoshindwa wengi huruka hatua ya kwanza, kwa sababu haionekani kama ni hatua ya kompyuta.

Kabla ya kuanza, elewa kitu kimoja. Google inatafuta kurasa zinazoendana na maneno yako, na mwenye tovuti taka analijua hilo kuliko wewe. Ukurasa wa "matokeo ya kidato cha nne" anauweka miezi kabla ya matokeo kutoka, akibadilisha mwaka tu kwenye kichwa cha habari. Analipwa kwa matangazo unayoyaona, kwa hiyo ukipata jibu haraka ukaondoka, yeye amepata hasara.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu au kompyuta yenye Chrome au Firefox. Kama simu yako ni ya Android, pakua Firefox hata kama Chrome unayo. Firefox ya simu inakubali kuongezewa vizuizi vya matangazo. Chrome ya simu haikubali.
- Kalamu na karatasi. Si mzaha, utaona katika hatua ya 1.
- Bando, hata dogo. Tovuti taka ndizo zinazokula MB, kwa video zinazojichezea zenyewe na matangazo yanayofunguka juu ya matangazo.
- Namba ya simu ya afisi au kampuni husika, uliyoipata kwenye risiti, barua, tiketi au ubao wao. Usiichukue kwenye Google.

## Hatua ya 1: Andika jina la mwenye habari

Chukua karatasi ujiulize: habari hii anaitoa nani? Sisemi nani anaizungumza. Nani anaitoa, kiasi kwamba asiposema yeye hakuna mwengine anayeweza kuijua?

Zanzibar swali hili lina mtego wake, kwa kuwa mambo mengi yana wenyewe wawili, wa Serikali ya Mapinduzi na wa Muungano. Tovuti taka nyingi huandikwa na watu wasioijua tofauti hiyo, au wasiojali. Hapa ndipo kijana wa Wete anapojikuta anasoma masharti ya kazi yasiyomhusu.

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita ni ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, hata kwa mwanafunzi wa skuli ya Zanzibar, na yanatoka necta.go.tz bila malipo yoyote. Mtihani wa kidato cha pili kwa skuli za Zanzibar ni wa Baraza la Mitihani la Zanzibar. Ukiutafuta NECTA utahangaika siku nzima.

Kazi za Serikali ya Mapinduzi (SMZ) zinapitia mfumo wa ZanAjira. Kazi za Muungano zinapitia Sekretarieti ya Ajira, ajira.go.tz. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina wakala wake hapa hapa Zanzibar. Kitambulisho cha Taifa ni cha NIDA, mamlaka ya vitambulisho ya Muungano. Kodi nazo vivyo hivyo: ziko za ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na ziko za TRA, ya Muungano, na duka moja la Darajani linaweza kudaiwa na zote mbili.

Bei ya karafuu inatangazwa na ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, ambalo ndilo mnunuzi. Andika "bei ya karafuu kwa kilo" bila kutaja ZSTC, utaletewa kurasa za bei za India na Indonesia zilizobadilishwa kuwa shilingi. Mkulima wa Pemba hana cha kufanya nazo.

Hali ya bahari ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, meteo.go.tz. Ratiba ya boti ni ya kampuni yenye boti, basi. Si ya tovuti ya utalii, si ya hoteli, si ya mtu aliyesafiri mwaka juzi akaandika safari yake.

Umefanikiwa ikiwa: karatasi yako ina jina moja la afisi au kampuni. Kama hulijui, muulize mwalimu, sheha, au mtu aliyewahi kulifuatilia jambo hilo. Swali la dakika moja kwa mtu anayejua litakuokolea jioni nzima.

## Hatua ya 2: Andika maneno kama anavyoyaandika yeye

Watu huiandikia Google kama wanavyozungumza na jirani: "nataka kujua matokeo ya form two zanzibar yametoka au bado". Sentensi hiyo ndiyo hasa aliyoitega mwenye tovuti taka. Afisi ya serikali haiandiki hivyo.

Afisi inaandika "Taarifa kwa Umma", "Tangazo la Nafasi za Kazi", "Orodha ya Walioitwa Kwenye Usaili". Weka maneno hayo pamoja na jina ulilolipata hatua ya 1.

Tumia pia Kiswahili cha nyaraka za hapa. Zanzibar zinaandikwa skuli, mkaazi, na mara nyingi afisi. Wizara ya hapa ni ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Ukiandika "shule" na "ufundi" Google itakuvusha bahari bila kukuuliza. Na kwa kuwa baadhi ya nyaraka zinaandika "ofisi", jaribu zote mbili.

Ukitaka maneno yakae hivyo hivyo kwa mfuatano, yatie ndani ya alama za kunukuu:

"mafunzo ya amali" "nafasi za kazi"

Angalizo: usizidishe. Ukitia sentensi nzima ndani ya alama za kunukuu hutapata kitu, kisha utadhani habari haipo.

## Hatua ya 3: Ifungie Google ndani ya eneo moja

Kama una muda wa kujifunza hatua moja tu, jifunze hii. Mbele ya maneno yako andika site: ukifuatisha anuani.

site:necta.go.tz matokeo kidato cha nne

Hapo umeiambia Google isitoke nje ya tovuti ya NECTA. Kurasa zote za takataka zinaondoka kwa mpigo mmoja, hata ziwe nyingi vipi.

Kama huijui anuani ya afisi, fungia eneo zima la serikali:

site:go.tz Zanzibar nafasi za kazi

Vyuo viko kwenye ac.tz. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kwa mfano, ni suza.ac.tz. Unaweza kuunganisha maeneo mawili:

site:go.tz OR site:ac.tz Zanzibar udhamini wa masomo

Wanapokosea watu: baada ya nukta mbili hakuna nafasi. Simu nyingi hupenda kutia nafasi zenyewe kila baada ya alama, ukaandika go.tz ikawa "go. tz". Angalia kabla ya kubonyeza. Na neno OR liandikwe kwa herufi kubwa, vyenginevyo Google haitalihesabu.

Umefanikiwa ikiwa: majibu ni machache na yote yana anuani za eneo ulilolitaja. Uchache usikutie wasiwasi.

Ukipata sifuri, huenda tangazo halijatoka. Huenda pia Google haijaufikia ukurasa mpya. Fungua tovuti ya afisi yenyewe uangalie sehemu ya matangazo. Siku matokeo yanapotoka tovuti huzidiwa na watu ikawa nzito, na hapo ndipo tovuti taka zinapovuna, kwa sababu mtu amechoka kusubiri. Subiri. Rudi usiku.

## Hatua ya 4: Chuja kilichobaki

Si kila kitu kiko kwenye tovuti ya serikali. Kwa mambo mengine utahitaji kutafuta kwenye mtandao mzima, na hapo utatumia vichujio hivi, kimoja au viwili kwa pamoja.

Alama ya kutoa. Andika - ikiwa imegusana na neno usilolitaka. Ukitafuta fundi wa boti na Google ikakuletea hoteli tupu: fundi boti Zanzibar -hotel -booking. Unaweza pia kuiondoa tovuti nzima: -site:mfano.com.

Tarehe. Andika after: na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: after:2025-06-01. Inasaidia, lakini usiitegemee mno. Wenye tovuti taka wanabadilisha tarehe ya ukurasa bila kugusa kilichomo ndani.

Aina ya faili. Matangazo rasmi mengi ni PDF, na tovuti taka hazina haja ya PDF kwa sababu matangazo ya biashara hayakai humo vizuri. Jaribu: Zanzibar tangazo nafasi za kazi filetype:pdf. Mimi naanza na hiki kila ninapotafuta waraka, hata kabla ya tarehe.

Kichupo cha Wavuti. Juu ya majibu, penye Yote, Picha na Video, sogeza pembeni au fungua Zaidi utafute Wavuti. Simu iliyo kwa Kiingereza imeandika Web. Google ilikiweka mwaka 2024, nacho kinakuachia viungo vitupu bila muhtasari uliotungwa na mashine. Muhtasari ule unaweza kuwa umekusanywa kutoka kurasa zile zile unazozikimbia, na ukishaandikwa vizuri hujui tena ulitoka wapi.

## Hatua ya 5: Isome anuani kabla ya kubonyeza

Jibu la juu kabisa linaweza kuwa tangazo lililolipiwa, na Google huliandika hivyo kwa herufi ndogo. Lipite, hata kama jina lake linafanana na la afisi unayoitaka.

Kisha soma anuani. Nenda mpaka mkwaju wa kwanza (alama hii: /) baada ya jina, halafu rudi nyuma ukisoma kutoka kulia. Maneno yaliyo karibu na mkwaju ndiyo yenye tovuti.

necta.go.tz/matokeo ni ya NECTA.

necta.go.tz.mfano.com/matokeo ni ya mfano.com. Hayo maneno necta.go.tz yaliyotangulia ni pambo, mtu yeyote anaweza kuyaandika.

necta-go-tz.com nayo si ya NECTA. Vistari si nukta.

Mambo mawili ya kuweka akilini. Kwanza, kuna taasisi za kweli zinazotumia .or.tz, .co.tz au .com, kwa hiyo kukosa go.tz peke yake si ushahidi wa utapeli. Kampuni za boti, kwa mfano, hazina sababu ya kuwa go.tz. Pili, tovuti za serikali katika nchi nyingi zimewahi kuvamiwa zikapandikizwa kurasa za kamari. Ukiona anuani ya serikali na maudhui ya kamari, toka.

Angalizo: alama ya kufuli pembeni ya anuani haisemi kuwa mwenye tovuti ni mwaminifu. Inasema tu kwamba mazungumzo yako na yeye hayasikilizwi njiani. Tapeli naye anayo.

## Hatua ya 6: Ukishaingia, pima haraka

Jipe muda mfupi sana. Tafuta haya:

Ukurasa unakuzungusha. Aya ya kwanza inarudia swali lako, ya pili inaeleza historia ya mtihani, ya tatu inarudia swali kwa maneno mengine. Mwenye jibu hutoa jibu.

Kiswahili chake hakina upatanisho. Mashine inatafsiri, haisomi, ikakuletea "tiketi wake" na "boti anaondoka" bila haya.

Inakutaka ujiunge na kundi la WhatsApp au usambaze kwa watu kadhaa ndipo uone jibu. Hakuna afisi ya umma inayotoa matokeo kwa sharti hilo.

Inakuomba ruhusa ya kukutumia arifa, au inakutaka upakue programu ya APK, yaani faili la programu lisilotoka Play Store. Kataa zote mbili.

Jina la tovuti haliendani na kilichomo. Jina la skuli au jumuiya likishamaliza muda wake bila kulipiwa, mtu mwengine hulinunua ili ale sifa ya mwenyewe wa zamani. Mwezi Machi 2024 Google ilitangaza kuwa huo ni ukiukaji wa kanuni zake, sambamba na kuzalisha kurasa kwa wingi ili kupanda juu, lakini bado zinapenya.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: tafuta ndani ya ukurasa jambo unalolijua wewe mwenyewe bila kuuliza. Ukurasa unaoiweka Nungwi kusini mwa Unguja, au unaozungumzia Mkoani kama mtaa wa Mji Mkongwe, hauna haki ya kukuambia boti inaondoka saa ngapi. Faida ya kuwa mwenyeji ndiyo hiyo, itumie.

Ratiba za boti zinastahili tahadhari ya peke yake. Ukurasa wenye saa na nauli zilizopangwa vizuri unaweza kuwa wa miaka mitatu nyuma, na siku za sikukuu au bahari ikichafuka ratiba hubadilika. Ukishaisoma, pigia kampuni au pita afisini kwao Malindi, khasa kama unasafirisha mgonjwa au maiti.

## Hatua ya 7: Zifunge zisirudi tena

Tovuti iliyokusumbua leo itakusumbua na kesho. Kuna kiongezo cha kivinjari kinaitwa uBlacklist, hakilipiwi, kinachoziondoa tovuti unazozitaja kwenye majibu ya Google. Kinafanya kazi vizuri zaidi kwenye kompyuta, kwenye Chrome au Firefox. Ukishakiweka, utaona kialama cha kufungia pembeni ya kila jibu. Ukipenda kuandika mwenyewe, kanuni yake ni hii:

*://*.mfano.com/*

Walimu na wenye steshenari wanaohudumia watu wengi kwa kompyuta moja, hiki ni chenu. Fungeni hizo tovuti kila mnapozikuta, na mteja wa kesho hatahangaika.

Kwenye Firefox ya simu weka uBlock Origin kuzuia matangazo. Bando lenyewe litakushukuru.

Kama uliwahi kubonyeza "Ruhusu" na sasa simu inalia usiku kwa habari za kamari na virusi vya uongo, fungua Chrome, nenda Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Zima kila tovuti usiyoijua. Simu haina virusi. Uliipa tovuti ruhusa ya kukupigia kelele.

Umefanikiwa ikiwa: ukirudia utafutaji ule ule, zile tovuti hazionekani, na simu imenyamaza.

## Hatua ya 8: Weka njia ya mkato

Ukishaufikia ukurasa sahihi, uweke alama ya nyota kwenye kivinjari. Mara nyengine hutapita Google kabisa. Mtengenezee na mama au shangazi yako kwenye simu yake. Wao ndio wanaotumiwa viungo vya ovyo kwenye makundi ya familia.

## Kwa wenye nyumba za wageni

Kama uko Paje, Jambiani au Nungwi na unapokea wageni, usiwaache watafute wenyewe. Wakitafuta viza au bima ya Zanzibar watakutana na mawakala wanaojifanya serikali na kutoza zaidi.

Viza ni ya Idara ya Uhamiaji, na anuani yake inamalizikia immigration.go.tz. Bima ya lazima kwa wageni wa kutoka nje ilianza tarehe 1 Oktoba 2024, inatolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, na ada iliyotangazwa ilikuwa dola 44 kwa mtu mzima. Anuani yake inamalizikia visitzanzibar.go.tz. Ziandike zote mbili kwenye ujumbe unaomtumia mgeni anapothibitisha chumba. Mwambie aziandike kwa mkono, asizitafute.

## Ikiwa umeshajaza au umeshalipa

Kama uliandika namba ya siri ya pesa za simu, ibadilishe sasa hivi, kisha pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako. Kama ulituma pesa, piga haraka zaidi. Muamala unaweza kuzuiwa kabla tapeli hajazitoa.

Kama uliweka namba ya Kitambulisho cha Taifa, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao huo ukaifute.

Kama ulipakua programu, itoe kwenye simu, kisha badilisha nywila ya barua pepe ukitumia simu nyengine.

Ujumbe mfupi wa utapeli utakaofuata, na kwa kawaida unafuata, usiujibu. Upeleke kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha tuma na namba iliyokutumia. Piga picha ya skrini ya ile tovuti, anuani yake ionekane yote, kabla hujaifunga. Polisi wataiomba, na tovuti hizi hupotea haraka.